Mwenye Kukaa Peke Yake Si Mgonjwa



Katika shule yetu, kama mtu anakaa peke yake chini ya muti wa avoka dakika kumi tu, lazima mwenzake atakuja kumwuliza: « Uko mugonjwa? » Akisema hapana, swali la pili ni hili: « Basi uko na hasira na nani? » Na akirudi pale siku mbili tatu, maneno yanaanza katika dortwari: huyu anaficha kitu, huyu anatembea usiku. Mimi nasema wazi katika gazeti letu kwamba tunakosa.

Angalieni siku ya mwanafunzi wa interna. Kengele inalia saa kumi na moja. Tunaamka watu arobaini katika chumba kimoja. Tunachota maji pamoja, tunaoga pamoja, tunasali pamoja, tunakula bugali na maharagi pamoja, tunafanya etidi pamoja, na tunalala huku wengine wangali wanabishana juu ya mpira. Siku ya ruhusa, pahali pa kupumzika, kila mmoja anatafuta redio ao telefone ya kaka yake asikie kelele ingine.

Sisemi ni vibaya kuwa pamoja. Wazee walisema kidole kimoja hakivunji chawa, na ni kweli: bila wenzangu nisingefaulu hesabu hata mara moja. Lakini mtu asiyekuwa na saa yake mwenyewe anaanza kuwaza kwa kichwa cha kundi. Mimi nilifanya hivyo, na ninaungama hapa.

Mwaka jana, siku ya tano mangaribi, franka za mwanafunzi mmoja zilipotea. Alizihesabu mbele ya kwenda kupiga mpira, akazifunga katika sanduku. Aliporudi, sanduku limevunjwa. Mara moja jina la mtoto mmoja wa mwaka wa pili likatajwa. Juu ya nini? Juu ya yeye ni maskini, tena si msemaji. Watu wakapaza sauti. Nami nikapaza sauti. Sikumwona akiiba, lakini nilisema « Ni yeye! » kwa sababu wale wa kushoto na wa kuume kwangu walisema « Ni yeye! » Kesho yake alirudishwa kwao kumwita baba yake.

Siku ya Mungu malaria ikanishika. Wengine walikwenda kanisani, mimi nikabaki kitandani. Nyumba ilikuwa kimya kabisa, nilisikia mabati yakilia kwa jua. Kwanza niliogopa. Sikujua kama kichwa changu kina maneno mengi vile, nikatamani mtu yeyote arudi. Kisha, bila kutafuta, nikaona tena ile siku ya tano: mimi niko kwenye chemchemi na bido yangu, na yule mtoto yuko mbele yangu katika mstari, ananung'unika kwamba maji yanakuja polepole. Tulikuwa pale tangu mpira ulipoanza mpaka kengele ya chakula. Neno hilo nilikuwa nalo ndani yangu siku zote mbili. Kelele ilinisahaulisha, ao pengine nilikubali kusahaulishwa.

Nilikwenda kwa msimamizi nikamwambia. Mtoto alirudi nyuma ya siku kumi, na interogasio mbili zilikuwa zimempita. Mpaka leo ananijibu salamu kwa shida, na siwezi kumhukumu.

Tunasoma katika Marko, sura ya kwanza, kwamba Yesu aliamka kungali giza, akatoka Kapernaumu akaenda pahali pasipo watu, akasali. Simoni na wenzake wakamfuata wakamwambia kila mtu anamtafuta. (Hata yeye hawakumwacha!) Lakini angalieni jibu lake: hakurudi kufanya kile mji ulichotaka, alisema waende miji mingine. Mawazo yake yalikuwa yamekwisha kutengenezwa kule gizani.

Mfano mwingine uko karibu nasi kuliko tunavyowaza. Katika historia tunajifunza jina la Dag Hammarskjöld, Msuedi, aliyekuwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa tangu 1953. Alikufa usiku wa tarehe 17 kuamkia 18 mwezi wa 9, 1961. Alitoka Leopoldville, ndiyo Kinshasa ya leo, akienda kuonana na Moïse Tshombe juu ya vita ya Katanga, na ndege yake ikaanguka karibu na Ndola. Wazee wetu hawapatani juu ya kazi yake hapa Congo, wengine wanamlaumu sana juu ya Lumumba, na mimi siingii katika mabishano hayo. Nataka kusema juu ya chumba. Ndani ya nyumba ile kubwa ya New York, ambamo mataifa yanabishana, alisimamia mwenyewe kutengenezwa kwa chumba kidogo cha kunyamaza, kilichofunguliwa tena 1957. Hakuna msalaba ndani, sababu watu wa dini zote wanaingia. Kuna viti, picha moja ya rangi ukutani, na katikati jiwe la madini ya chuma lenye uzito kupita tani 6, na nuru inalishukia toka juu. Sisi watu wa inchi ya madini tungeuliza kwanza bei yake.

Nyuma ya kifo chake walikuta nyumbani kwake maandiko aliyoyaandika kwa siri miaka mingi. Yalitoka kitabu 1963, na kwa Kifaransa kinaitwa Jalons. Aliyekifungua kutafuta siri za Congo alikosa. Mule hakuandika mikutano yake wala wakubwa aliokutana nao, ila moyo wake mwenyewe: kiburi, upweke, maswali yake mbele ya Mungu. Kama mtu mwenye kazi ile alipata nafasi, sisi tunashindwa na nini?

Wengine watasema mtu wa peke yake anafuga kinyongo. Ni kweli, wako wanaojitenga kwa kuhesabu makosa ya wenzao, na hiyo si kimya, ni kelele ya ndani. Na aliyefiwa, musimwache pekee. Mwende mukae naye. Ninasema juu ya mtu mzima wa afya. Dada zetu ndio wanakosa zaidi: huko nyumbani binti akikaa tu, wanamwita mvivu, wanamtuma maji.

Mimi ninakaa bila kitabu. Mara ya kwanza kichwa kinasema chakula, deni la sabuni, mtihani. Ninaacha vipite. Halafu ninajiuliza: leo nimesema neno gani lisilo langu? Ninaliandika katika kaye ambayo simwonyeshi mtu.

Basi ninaomba Prefe na Pasta: kapela ifunguliwe nusu saa mbele ya etidi ya usiku, bila wimbo, bila mahubiri, na asiyetaka asilazimishwe. Taa si lazima, kungali mwanga saa ile. Ufunguo, mimi niko tayari kuushika muhula huu, na kufagia.

Mwanafunzi wa mwaka wa tano, Pedagojia