Mashauri ya Safari: Mkeka wa Kulalia Mlimani

Mwalimu awapelekaye vijana Kilimanjaro asidhani kwamba blanketi zito latosha. Kambi ya Barafu yapita mita 4,600, na ardhi yake hunyonya joto la mwili usiku kucha. Blanketi lililaliwalo hubanwa, lisizuie baridi.

Twawashauri kutazama namba ya R iandikwayo na watengenezaji: kadiri izidivyo, ndivyo joto lihifadhiwavyo. Huko juu twapendelea 4 au zaidi. Godoro la kujazwa pumzi ni laini, lakini mwiba mmoja hulikomesha. Mkeka wa sponji ni mgumu, ila hata ukitobolewa wafaa. Tandikeni sponji chini, godoro juu: namba hizo mbili hujumlika.

Tena mkumbukeni mpagazi wenu. Naye ana mbavu, asilale juu ya mawe.