MBWA HAKUMNG'ATA, LAKINI MKONO UMEVUNJIKA (Sehemu ya 3)

Nimetoka zamu sasa hivi, miguu inawaka moto, lakini hili tulimalize leo.

Kuna baba mmoja anauza maziwa kwa baiskeli. (Nimebadilisha mambo madogo asijulikane.) Asubuhi geti la jirani liliachwa wazi, mbwa akatoka mbio akamkatiza mbele ya tairi. Baba akarushwa juu ya usukani, akatua kwa kiganja. Mwenye mbwa, mtu mwema tu, akampa pole na elfu ishirini, wakapeana mikono. Yameisha.

Yameisha wapi? Jioni mkono umevimba kama andazi. Picha ikaonyesha mfupa umevunjika pale kwenye kifundo. Akafungwa hogo, wiki sita. Hashiki breki, habebi dumu, na nyumbani kuna kichanga cha miezi minne. Mkewe ndiye aliyenifuata: "Sister, tukirudi kwake si ataona tunamfanya mradi?"

Mimi nasema rudini. Tena bila aibu. Anayefuga mbwa anajua kuna gharama ya chakula na chanjo ya kila mwaka, basi ajue na hii. Watu wanadhani mbwa asipong'ata hakuna kesi. Sio kweli. Mwenye mbwa akizembea kumfungia na mtu akaumia, anaweza kudaiwa fidia, meno yaguse yasiguse.

Ile elfu ishirini msiifiche. Itajeni, ipunguzwe kwenye hesabu. Na msiongeze chumvi, maana uongo mmoja tu unaharibu madai yote.

Sasa niseme la huku kwetu, kwa sababu hapa ndipo wengi wanapojikwaa. Ukifika hospitali ukasema "nimeanguka na baiskeli", tunaandika hivyo hivyo. Siku ya kudai, cheti hakina mbwa hata mmoja! Sema yote: mbwa wa jirani alinikatiza, nikaanguka, saa fulani, mahali fulani. PF3 ya polisi fuatilia siku hiyo hiyo, ila mtu akiwa hoi atibiwe kwanza. Risiti tunza, hata ya panadol. Piga picha mkono, baiskeli na lile geti kabla halijafungwa, chukua na namba za walioshuhudia.

Muangalieni na ngozi vizuri. Akiwa na mkwaruzo wa meno au kucha, au mate ya mbwa yamegusa kidonda, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 halafu nendeni kituo cha afya mkaulizie chanjo ya kichaa cha mbwa. Msisubiri kesho.

Hesabu yenyewe ni matibabu, nauli, matengenezo ya baiskeli na siku ambazo hakufanya kazi. Hizo siku ndizo zinazosahaulika, na ndizo pesa nyingi. Kwa bahati yule mama ana daftari la wateja wa maziwa, kila siku lita ngapi. Nikamwambia hilo daftari ni dhahabu.

Najua utaniambia jirani ni jirani, kesho utamwomba chumvi. Ndiyo maana nasema anzeni kwa mjumbe au mwenyekiti wa mtaa, mkae, mwandikishane: kiasi gani, kwa awamu ngapi, sahihi za pande zote. Kinachoua ujirani ni kinyongo cha miaka, si karatasi. Akikataa kabisa, mtafuteni msaidizi wa kisheria kabla ya kwenda mahakamani. Wanatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, na asiye na uwezo halipi.

Walikaa Jumamosi. Jirani amekubali hospitali na baiskeli, siku za kazi bado wanavutana. Nimemwambia mama asisaini mpaka hogo litoke na daktari auone mkono.

Kesho sehemu ya 4: mtoto anayebebwa nyuma ya baiskeli na mguu kuingia kwenye spoku. Hiyo nayo nina hasira nayo.