Ananiita baba mdogo

Wapo Wakristo wanaoona kusoma riwaya ni kupoteza muda. Mimi nilikuwa mmoja wao, hadi mwezi huu niliposoma Peponi ya Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2021. Ida Hadjivayanis ameitafsiri kwa Kiswahili.

Yusuf ana miaka 12 anapochukuliwa na tajiri Aziz, ambaye siku zote amemjua kama mjomba. Huko dukani kijana mwenzake, Khalil, anamfungua macho: huyu si mjomba wako. Umewekwa rehani kwa deni la baba yako.

Nilifunga kitabu. Jikoni palikuwa na binti anaosha vyombo, saa nne usiku. Wanangu walikuwa wamelala. Baba yake ni binamu yangu. Nilimlipia gharama za matibabu, naye akanipa mtoto "akusaidie nyumbani". Niliahidi kumpeleka kujifunza ushonaji. Huu ni mwaka wa pili. Ananiita baba mdogo.

Kitabu kingine nilichosoma ni Uhuru wa Watumwa cha James Mbotela, kilichotoka mwaka 1934. Kinawasifu Waingereza kupita kiasi, kwa maoni yangu, lakini kinaeleza vizuri jinsi watu wa bara walivyotekwa na kupelekwa pwani. Kilinikumbusha Adrien Atiman wa Karema, hapa hapa mkoani kwetu, kando ya Ziwa Tanganyika. Alitekwa akiwa mtoto huko Afrika Magharibi, Wamisionari wa Afrika wakamkomboa kwa fedha, wakamsomesha utabibu Malta. Alifika Karema mwaka 1889 na kutibu watu hadi alipofariki mwaka 1956. Waliotoa fedha kwa ajili yake hawakumweka jikoni.

Mwisho nikarudi kwenye Waraka kwa Filemoni, ule mfupi kuliko zote za Paulo. Nimeufundisha mara nyingi katika jumuiya, na kila mara nilijiweka upande wa Paulo, anayemwombea Onesimo apokewe kama ndugu. Sikuwahi kujiuliza kama mimi ndiye niliyeandikiwa.

Jana jioni nilimwita binti sebuleni, nikamwambia aketi. Nikamuuliza kama bado anapenda cherehani. Hakuketi. Alifuta mikono kwenye kanga, akaniangalia.

"Baba mdogo, nimekosa nini?"