NYUMBA YA MWISLAMU: Mtoto Amsimulie Nani Ndoto Yake?

Twamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetujaalia watoto, wakawa pambo la nyumba zetu na amana juu ya shingo zetu. Twamwombea rehema na amani Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), pamoja na jamaa zake na Masahaba wake.

Baada ya hayo, wasomaji wetu watukufu, mwezi huu tumekusudia kunena juu ya jambo lililomo katika nyumba nyingi na ambalo wachache hulisema, nalo ni hali ya mzazi mwenye shughuli nyingi na wavulana wake wadogo. Hatuneni kama watu waliofaulu. Twanena kama watu walioonywa, na aliyetuonya ni mtoto wa miaka 6.

Sisi twasomesha madrasa huku Muleba, katika kijiji kilicho juu ya mlima unaotazama Ziwa Viktoria. Mwenyezi Mungu ametujaalia wavulana watatu, wa miaka 12, 9 na 6. Kama ilivyo kwa walimu wengi wa madrasa, riziki yetu haitoki katika kusomesha peke yake. Baada ya sala ya Alfajiri sisi huingia kibanjani, tukapunguza majani makavu ya migomba na kupalilia mibuni. Mchana huwa ni wa watu: leo maziko, kesho nikaha, keshokutwa kusuluhisha jamaa waliogombana juu ya mpaka wa shamba. Baada ya Alasiri twasomesha watoto wapatao arobaini mpaka Magharibi, ambayo huku kwetu huingia karibu saa moja, kwa kuwa tuko magharibi ya nchi na jua lachelewa kututoka. Tukisha kusali Isha tukala, haibaki ila usingizi.

Usiku mmoja tulikuwa mkekani twala, na mkono wa kushoto umeshika simu, twahesabu michango ya kuezeka madrasa. Mdogo wetu akasema, "Maalim, naomba chumvi." Mama yao akacheka, akamwambia, "Huyu si maalim, ni baba yako. Maalim amebaki madrasa." Mtoto akajibu bila ya utani wowote, "Nikimwita Baba haitiki. Nikimwita Maalim huitika."

Tulicheka, kisha tukanyamaza. Tulipomweka karibu na kumwuliza alikuwa akituitia nini, alisema kwamba tangu juzi alikuwa na neno, na kila alipotujia aliambiwa, "Kesho." Neno lenyewe lilikuwa hili: kaka yake mkubwa alikuwa haendi shule. Asubuhi alishika njia ya shule pamoja na wenzake, kisha akateremka ziwani mwaloni kuwasaidia watu kuanika dagaa. Wenye kujua mwambao wetu wanajua mambo yalivyo. Dagaa huvuliwa kwa taa katika usiku usio na mbalamwezi, na kukicha huanikwa juani. Kazi hiyo yahitaji mikono mingi, na mikono ya mtoto ni rahisi kwa bei. Mkubwa alilipwa shilingi mia tano na konzi ya dagaa. Dagaa alimpa mdogo wake ili asiseme.

Ndugu zetu, sisi tunaoandika majina ya watoto wa watu arobaini kila Alasiri na kuuliza ni nani hakuja, hatukujua kwamba wa kwetu hakuwako darasani siku mbili! Mkono wetu ulikuwa umekwisha nyanyuka kutafuta fimbo, lakini mama yao akasema, "Mwulize kwanza." Tukamwuliza. Shati lake la shule lilikuwa limepasuka mgongoni. Alikuwa ametuambia mara mbili, nasi tukamjibu neno lile lile, "Kesho." Aliona haya kusimama mbele ya wenzake mgongo wazi, akaona afadhali ajitafutie mwenyewe fedha ya shati.

Hapo tulikumbuka kisa cha Nabii Yusuf (A.S.), ambacho tumekisomesha miaka mingi bila ya kukiangalia upande huu. Yusuf alikuwa mtoto alipoota nyota kumi na moja, na jua, na mwezi, vikimsujudia. Alimwendea baba yake. Nabii Yaakub (A.S.) alikuwa mtu mzima, mwenye wana wengi na mambo mengi, lakini hakumwambia mtoto kwamba ndoto ni upuuzi, wala hakumwambia arudi kesho. Alimsikiliza mpaka mwisho, akaijua hatari iliyokuwamo, akamwonya asiwasimulie ndugu zake. Onyo lile lisingepatikana lau mtoto hakuwa na mazoea ya kumsimulia baba yake.

Huo ndio mkazo wetu mwezi huu. Kila mtoto anayo ndoto, au khofu, au shati lililopasuka, na hapana budi atamsimulia mtu. Akimkosa baba atamsimulia mwingine. Huenda akawa jamaa mwema, na huenda akawa kijana wa mwaloni, au mwenye banda la video, au mtu asiyeonekana sura yake ndani ya simu. Hao hawasemi "Kesho". Wana nafasi siku zote.

Tumeangalia tena namna Qur'ani inavyowaonyesha akina baba wakisema na wana wao. Nabii Nuh alipomwita mwanawe katika mawimbi, Nabii Ibrahim alipomwambia mwanawe habari ya kuchinjwa, Nabii Yaakub aliposikia ndoto, na Luqman alipomuusia mwanawe, wote walitumia neno moja la Kiarabu, bunayya, nalo si "mwana" tu, bali ni "kijanangu", neno la upole na mapenzi. Tena yafaa tukumbuke kwamba mwana wa Nuh aliitwa kwa neno hilo na hakupanda jahazi. Basi hatusemi kwamba upole ni dawa isiyoshindwa. Uongofu ni wa Mwenyezi Mungu. Wajibu wa baba ni kuita na kuitika.

Huenda msomaji akasema, "Maneno haya ni mazuri, lakini mimi nina duka mjini Bukoba, natoka watoto wamelala na narudi wamelala." Mwingine atasema ni dereva wa bodaboda, asiposimama njiani watoto hawali. Na mama atasema, "Mimi nashinda shambani, jioni nina kuni, maji na ndizi za kumenya." Hatuwalaumu. Kutafuta chumo la halali ni ibada. Lakini twaona baadhi yetu tumefanya malezi kuwa kitu cha kulipia. Tumempa mwalimu wa shule fungu lake na maalim wa madrasa fungu lake, tukajiona tumekwisha. Wengine walikuwa wakiwapeleka hata watoto wadogo kabisa katika shule za bweni, mpaka mwaka 2023 Serikali ikatoa agizo la kuzuia bweni kwa watoto wa chini ya darasa la tano. Agizo laweza kumrudisha mtoto nyumbani, lakini haliwezi kumrudisha baba.

Basi tufanyeje, ilhali siku haina zaidi ya saa 24? Tutataja machache tuliyoyajaribu sisi wenyewe.

Kwanza, tusitafute wakati mpya, bali tumtie mtoto katika wakati tulio nao. Shamba letu la kahawa na migomba limezunguka nyumba, na hiyo ni neema ambayo baba wa mji mkubwa hana. Mvulana anaweza kutandaza nyasi mashinani pa migomba, kuchuma kahawa iliyoiva na kuiacha mbichi, na kuigeuza iliyoanikwa. Mikono ikiwa kazini, ulimi hufunguka. Ukimketisha mtoto mbele yako ukamwambia, "Haya, sema," hatasema. Mpe jembe dogo upande wako, atasema mpaka uchoke. Hali kadhalika msimu wa senene, ambao aghalabu huwa Novemba na Desemba. Siku hizi watu hutega kwa taa kali na mabati mpaka usiku wa manane, na watoto huzurura huko bila ya mwenye kuwaangalia. Sisi mwaka uliopita tulitoka nao baada ya Alfajiri, umande ukiwa bado majanini, tukaokota kwa mikono. Hatukupata ndoo. Tulipata bakuli moja, na habari nyingi za shule ambazo hatukuwa tukizijua.

Pili, tuweke wakati mmoja mfupi usioguswa. Kwetu ni baina ya Magharibi na Isha. Simu huwekwa juu ya kabati. Kila mtoto ana zamu yake ya kusema, mdogo kwanza, na wakubwa hawaruhusiwi kumkatiza. Dakika kumi kwa kila mmoja ni nusu saa tu. Mtume wetu (S.A.W.), aliyebeba mambo ya umma wote, alipata nafasi ya kumwuliza mtoto mdogo, Abu Umayr, habari za kindege chake. Je, sisi shughuli zetu zimezidi za Mtume?

Tatu, wavulana wafundishwe kazi za nyumbani. Hapa Buhaya desturi yetu ya zamani ilimweka mwanamume mbali na jiko, na kumenya ndizi kukawa ni kwa mama na mabinti. Lakini Bibi Aisha (R.A.) alipoulizwa Mtume alifanya nini nyumbani, alieleza kwamba alikuwa akiwatumikia watu wa nyumba yake, na wakati wa sala ukifika akatoka kwenda kusali. Nani basi atakayesema kwamba kisu cha kumenyea ndizi chamwondolea mvulana heshima yake? Wetu wa miaka 9 sasa humenya na mama yake. Maganda yake ni manene, ndizi inapungua, lakini mama amepata msaidizi na mtoto amepata mtu wa kuzungumza naye.

Nne, tuiangalie fimbo. Twajua hadithi ya kumwamrisha mtoto sala akiwa na miaka 7, na kuadhibiwa kwa kuiacha akifika miaka 10. Watu hukumbuka ile kumi wakaisahau saba. Baina yake kuna miaka 3 ya kufundisha, kuonyesha na kukumbusha, mara tano kila siku. Anayeirukia fimbo bila ya kuitimiza miaka hiyo ameshika mwisho wa hadithi akaacha mwanzo wake. Anas bin Malik (R.A.) aliingia katika utumishi wa Mtume akiwa mvulana, akamtumikia miaka 10, na ameshuhudia kwamba hakupata kukemewa naye hata kwa neno dogo la kuchoshwa. Na Luqman alimuusia mwanawe apunguze sauti. Basi ni ajabu baba kupiga kelele nyumba nzima akiwaambia watoto wanyamaze!

Jambo la mwisho hatulitaji kwa kutia khofu. Walio wa rika letu hawakuisahau tarehe 21 Mei 1996, meli ya MV Bukoba ilipotoka Bukoba ikapitia Kemondo, ikazama kabla ya kufika Mwanza. Mamia ya watu walikufa maji. Wengi wa abiria wale walikuwa ni watu wenye shughuli kama sisi, na bila shaka wamo walioahidi watoto wao kwamba wakirudi watawasikiliza. Mwenyezi Mungu awarehemu. Neno "Kesho" si letu, basi tusiwalipe nalo watoto wetu.

Shati lilinunuliwa siku ya pili yake, na mkubwa tulimsindikiza wenyewe mpaka shuleni. Njiani hakusema kitu. Siku ya tatu akasema kidogo. Hatujui bado yote yaliyomo moyoni mwake, kwani mlango uliofungwa kwa miaka haufunguki kwa juma moja. Mdogo naye bado husahau akatuita Maalim mara mojamoja mezani; na sisi kila tukisikia hivyo, twaweka chini tulicho nacho mkononi na kumgeukia.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awafanye watoto wetu kuwa kitulizo cha macho yetu, na atufanye sisi kuwa wazazi wanaostahiki kusimuliwa. Amin. Wabillahi taufiq.