Kabla hujauza shamba kununua baiskeli ya mbio

TANGU Kigali ilipoandaa mashindano ya dunia ya mbio za baiskeli za barabarani, Septemba 2025, yakiwa ya kwanza kufanyika katika bara la Afrika, vijana wetu wa Burundi wamepatwa na homa. Sisemi kwamba homa hiyo ni mbaya. Niliwaona hapa Rumonge wakijazana kwenye simu moja, watu saba au wanane, wakishangilia watu wasiowajua. Leo kila kijana anayeweza kupandisha mlima bila kushuka anauliza bei ya baiskeli ya mbio.

Na palipo na anayeuliza bei, hakosi wa kuitaja. Wafanyabiashara wa mpakani wanalijua hilo kuliko mimi.

Nimelazimika kuandika haya kwa sababu ya kijana mmoja niliyemfundisha. Baba yake ni wa kundi letu la wakimbizi wa mwaka 1972, na tulirudi pamoja kutoka Ulyankulu mwaka 2008. Ameonyeshwa baiskeli ya kaboni, imetumika, iliyotokea Kigali ikazungushwa Rusumo na Ngara hadi ikaingilia Kobero, maana mpaka wetu na Rwanda ulifungwa Januari 2024. Bei ni dola 1,400. Kijana ana dola 300, faida ya ndagala. Zinazobaki anataka zitoke kwenye nusu ya shamba la michikichi ambalo mzee wake alilipata baada ya kesi ya miaka mingi. Alikuja kwangu kwa kuwa nafundisha fizikia. "Mwalimu, nipigie hesabu," alisema.

Basi tupige hesabu.

Tuchukue mlima ambao kila Mrundi anaujua, ule wa kutoka Bujumbura kwenda Bugarama. Ni kilomita zipatazo 35, kutoka mwinuko wa takriban mita 800 hadi zaidi ya mita 2,000. Kwenye mlima adui ni uzito. Kijana wetu, pamoja na nguo na maji, ana kilo 60. Baiskeli nzuri ya alumini ina kilo 10, na hiyo ya kaboni ina kilo saba na nusu. Jumla ni kilo 70 kwa upande mmoja na kilo 67 na nusu kwa upande wa pili. Tofauti haifiki asilimia 4. Kama kwa baiskeli ya alumini angepanda kwa saa moja na nusu, kaboni itampunguzia kama dakika 3, tena hapo nimempendelea muuzaji.

Kwenye tambarare, mathalani njia ya kutoka Rumonge kwenda Nyanza-Lac, uzito hauna nguvu sana. Adui ni hewa, na sehemu kubwa ya hewa hiyo inagonga mwili wa mwendeshaji, si fremu. Anayeinama vizuri juu ya baiskeli inayomfaa kwa kimo atampita anayekaa wima juu ya baiskeli ya bei mbaya. Kuinama hakulipiwi.

Je, nasema baiskeli zote ni sawa? Hapana. Ukitoka kwenye zile baiskeli za rangi nyingi zenye gia za mchezo, ambazo breki zake zinalegea kabla hujafika sokoni, ukaenda kwenye baiskeli imara yenye breki zinazoshika na gia zinazokaa, umenunua kitu. Anayeteremka Bugarama anajua thamani ya breki. Hapo kuongeza fedha ni halali. Lakini ukishafika kwenye baiskeli nzuri ya alumini, kila dola 100 unayoongeza inakununulia kidogo kuliko ile iliyotangulia, na zile baiskeli wanazopanda mabingwa, ambazo bei yake inavuka dola 10,000, zinanunua sekunde. Hata kupunguza uzito kuna kikomo, maana sheria ya UCI, chama cha dunia cha mchezo huu, hairuhusu mashindanoni baiskeli iliyo chini ya kilo 6.8. Bingwa wa dunia analipwa kwa sekunde hizo. Wewe unalipwa na nani?

Hapo Kigali kwenyewe, mbio za wanaume zilikuwa za kilomita 267.5 na Tadej Pogačar akashinda. Waliomaliza walikuwa 30 tu. Wale zaidi ya 100 walioachia njiani, wengi wao juu ya baiskeli za gharama ambayo hapa kwetu ingejenga nyumba, hawakuangushwa na baiskeli mbovu. Waliangushwa na vilima.

Jirani zetu Wanyarwanda hawakuanza na kaboni. Mwaka 2006 Mmarekani Tom Ritchey, mtengenezaji wa baiskeli, aliandaa huko mashindano ambayo baiskeli za mbao zilikuwamo, na akabuni baiskeli ndefu ya mizigo ili wakulima wa kahawa wafikishe zao lao haraka. Mwaka uliofuata alikuja Jonathan Boyer kuunda timu, akawapima vijana nguvu za miguu kwanza. Kutoka hapo akapatikana Adrien Niyonshuti, aliyeshiriki Olimpiki ya London mwaka 2012. Miguu ilitangulia, kisha timu ikaleta baiskeli. Kijana wetu anataka kugeuza mambo hayo, na kuyageuza kwa michikichi ya mzee.

Hata hivyo, alinijibu neno lililonifanya ninyamaze kidogo. "Mwalimu, shamba wanaweza kulichukua tena. Baiskeli naondoka nayo."

Neno hilo si la kitoto. Sisi tuliorejea, *abahungutse* kama tunavyoitwa, tumelelewa na watu waliovuka mpaka na kile walichoweza kubeba. Ulyankulu mtu alihesabiwa kuwa tajiri kwa cherehani, redio na baiskeli, vitu visivyo na mizizi. Baba yangu mwenyewe alikuwa na Phoenix iliyobeba tumbaku, mahindi, wagonjwa na mimi. Hivyo simshangai kijana anayeamini chuma kuliko udongo.

Lakini tuchukue hoja yake na tuipeleke mpakani, mahali inapopimwa. Mali ya kuondoka nayo ni ile unayoweza kuiuza asubuhi ya kwanza ugenini. Ukivuka Mugina na Phoenix yenye keria nzima, kabla jua halijawa kali hapo Manyovu umeshapata mnunuzi, na fundi aliye chini ya mwembe ana kila kipuri chake. Ukivuka na baiskeli ya kaboni ya dola 1,400, utamuuzia nani? Watu watakusanyika kuitazama, wataipapasa, wataisifu, na jioni utakuwa nayo na njaa yako.

Halafu kuna matunzo, ambayo muuzaji hayataji. Tyubu zake zina valvu nyembamba ambayo pampu zetu hazishiki. Mnyororo wake ni mwembamba, unalika na vumbi, na ukiuchelewesha unakula meno ya gia pia. Breki zake ni za mafuta, kwa hiyo hewa ikiingia ndani ya mpira wake hushiki kitu. Nyingine zina gia za kuchaji kama simu, nasi umeme wetu tunaujua. Kaboni yenyewe ina siri. Chuma kikipata ajali kinapinda, unaona, unapeleka kwa fundi. Kaboni inaweza kupasuka ndani huku rangi ya nje ikimetameta, na siku ya kukatika haitoi taarifa. Iliyotumika, aliyeianguka nayo humjui.

Wapo watakaosema mwalimu anawakatisha vijana tamaa. Kijana huyu ana miguu, nimemwona akimpita mwenye pikipiki kwenye kilima na magunia mawili nyuma. Ndiyo maana namwambia atafute klabu kwanza, apande baiskeli ya kuazima, apimwe na watu wenye saa. Akiwa mzuri kweli, hatanunua baiskeli. Atapewa. Kama hawezi kungoja, basi ya alumini iliyotumika, yenye kipimo chake na breki za waya, kwa fedha zake za ndagala na si zaidi.

Nanyi wafanyabiashara, nisiwalaumu bila kuwapa kazi. Badala ya kuleta baiskeli moja ya dola 1,400, leteni tyubu, minyororo, nyaya za breki na tairi nyembamba za kutosha, pamoja na vile vichwa vidogo vya shaba vinavyofanya pampu ya kawaida ijaze valvu nyembamba. Ni kipande kisichozidi ncha ya kidole. Hapa sokoni Rumonge nimekitafuta wiki mbili sijakiona.