Mastaa Wanapanda Lushoto Kupiga Picha, Listi Nzuri ya Wiki Wanaiacha Huko Huko

Kila Jumatatu mtandaoni mambo ni yale yale. Staa mmoja wa Bongo, jina libaki kapuni, anatupia listi yake ya wiki: kitabu cha kusoma, tamthilia ya kutazama, msosi wa kula na tabia ya kuanza nayo ili mwili ukae sawa. Nyuma yake ni mwamba wa Irente, Lushoto, ukungu umetanda, yeye kashika kikombe. Laiki zinamiminika.

Sasa isome listi yenyewe taratibu. Kitabu ni cha Mmarekani anayefundisha kutajirika. Tamthilia ni ile ambayo mtaa mzima umeshaimaliza. Msosi ni bakuli la mbegu na matunda ya supamaketi, ambalo bei yake inatosha mboga za familia kwa siku kadhaa. Tabia ya afya ndo kiboko: chai ya kukata tumbo, na chini yake namba ya kuagizia.

Kutangaza biashara si dhambi, kila mtu anatafuta riziki. Shida ni pale tangazo linapoletwa kama ushauri wa dada kwa mdogo wake. Binti wa Mbagala aliyebakiwa na elfu ishirini mwisho wa mwezi anaitoa yote akijua kashauriwa, kumbe kauziwa. Na baadhi ya chai hizo zina sanamaki, majani ya kuharisha ambayo bibi zetu waliyatumia kwa kipimo, tena mtu akiwa amefunga choo. Ukinywa unaenda chooni, mizani inashuka, unafurahi. Kilichotoka ni maji na uchafu, mafuta yako palepale. Ukiendelea nayo wiki baada ya wiki, mwili unapungukiwa maji na chumvi, na tumbo linazoea kusukumwa.

Kinachochekesha ni kwamba staa kapanda milima yote ile kutoka Mombo, kona baada ya kona, akapita katikati ya listi nzuri kuliko yake, akashuka bila kuiona.

Tuanze na kitabu. Usambara ina chake, tena cha Kiswahili: Habari za Wakilindi cha Abdallah bin Hemedi, toleo lililochapwa mwaka 1962 na East African Literature Bureau. Humo yumo Mbegha, kijana wa Nguu aliyenyimwa urithi na ndugu zake kwa sababu aliota meno ya juu kwanza, yaani kigego. Akawa mwindaji wa nguruwe, akapanda Usambara akigawa nyama, akaua simba, na Wasambaa wakamfanya mtawala wao kule Vugha. Kukataliwa na ndugu, kuhama, kuanza upya ugenini: hiyo ni stori ya nusu ya vijana waliopanga chumba Dar. Kiswahili chake ni cha zamani, hukiwezi kwa kasi ya kuperuzi simu. Kiulizie maktaba, soma kurasa kumi kila usiku.

Kwenye runinga, hakuna anayekataza za Kituruki. Ila wiki hii tafuta Vuta N'kuvute, filamu ya Amil Shivji iliyooneshwa kwenye tamasha la Toronto mwaka 2021. Imetokana na riwaya ya Adam Shafi, Zanzibar ya miaka ya 1950, mapenzi na siasa za kudai uhuru pamoja. Inaisha kwa usiku mmoja. Haikuachi saa nane ukisema "kipande kimoja tu nilale", na kulala mapema ni afya ambayo hakuna anayekuuzia.

Msosi ndo aibu kubwa zaidi. Staa anapiga picha Lushoto akiwa na matunda ya pakiti, wakati bonde lote chini yake ni karoti, kabichi, hoho, viazi, parachichi, na msimu ukifika plamsi na peasi. Mzigo huohuo unashuka kwa malori hadi masoko ya Dar. Shirika la Afya Duniani linasema gramu 400 za mboga na matunda kwa siku, na hizo unazipata kwa genge la mtaani bila kuagiza kitu. Pika makande ya mahindi na maharage, tia karoti, kata parachichi pembeni, umeshiba mpaka jioni. Na kama ni lazima kinywaji kiwe chai, Bumbuli na Amani kuna mashamba ya chai halisi. Haikati tumbo, lakini haikudanganyi.

Tabia ya wiki? Kutembea. Kutoka Lushoto mjini hadi Irente ni kama kilomita tano, na wenyeji wanazitembea. Mastaa wengi wanafika na gari, wanashuka dakika kumi, wanapiga picha, wanarudi. Dakika 150 za mwendo wa haraka kwa wiki ndizo zinazopendekezwa kwa mtu mzima, yaani nusu saa kwa siku tano. Huko Ubungo au Buguruni hakuna mwamba, lakini vituo viwili kabla ya kwako vipo. Shuka, tembea.

Watatokea wa kusema Lushoto inapambwa mno, na wana hoja. Mama anayepandisha mlima na kapu la kabichi kichwani hafanyi mazoezi, anatafuta ada ya mtoto. Mboga zake nyingine zimepigwa dawa, kwa hiyo osha vizuri kabla ya kula. Lakini hapo ndo tofauti inapoonekana: ukinunua karoti zake, kuna kinachorudi mlimani. Ukimtumia kama mandhari ya kuuzia chai ya pakiti, hapati hata shilingi.

Hii si mara ya kwanza uzuri wa Usambara kuondoka na kuwaacha wenyewe. Mwaka 1892 ofisa wa Kijerumani, Walter von Saint Paul, alituma Ulaya mbegu za ua dogo la zambarau la milima hii. Leo linauzwa kwenye vyungu dunia nzima, na kwa kisayansi lilipewa jina lake yeye, Saintpaulia. Ulizia vijana kumi wa Dar limetoka wapi, uone wangapi watajibu.

Jumatatu ijayo listi nyingine itatupiwa. Kabla hujatuma pesa, angalia vitu viwili tu: nani analipwa ukifuata ushauri huo, na je, aliyeutoa anaufuata kamera ikizimwa? Ukikosa jibu, elfu ishirini yako ipeleke gengeni.