Taa ya Wachimba Makaa

Mwezi huu twaendelea na habari za moto na kazi zake kati ya watu.

Huko kaskazini ya Uingereza watu walichimba makaa ya mawe chini sana ya nchi, ili kupata moto wa majumbani na wa mashine za mvuke. Mle shimoni hutoka hewa isiyo na rangi wala harufu, nayo ikikutana na mwali wa mshumaa hulipuka kama baruti. Basi tarehe 25 Mei 1812 shimo la Felling, karibu na Newcastle, lililipuka, wakafa watu 92, wanaume na watoto pia. John Hodgson, kasisi wa Jarrow na Heworth, ndiye aliyewazika. Wenye mashimo hawakupenda misiba kama hiyo itangazwe. Yeye akaichapa habari yake, pamoja na majina ya wafu.

Mwaka 1815 mtaalamu Humphry Davy aliombwa msaada. Akaona ya kuwa mwali haupenyi wavu wa waya wenye matundu madogo sana, kwa maana waya hulivuta joto lake na kulitawanya. Akaizungushia taa wavu huo. Januari 1816 Hodgson mwenyewe alishuka nayo shimoni huko Hebburn, ikawaka salama. Davy hakutaka kuishika haki ya kuiuza peke yake. Fundi George Stephenson naye alikuwa ametengeneza taa yake mwaka uo huo, na ugomvi wao hatuna haja ya kuuingia.

Je, vifo vilikoma? La, havikukoma. Mwaka 1835 kamati ya Bunge ilitoa hesabu ya Durham na Northumberland: miaka 18 kabla ya taa walikufa watu 447, miaka 18 baada yake, 538. Twaona kosa si la taa. Wenye mali, walipokwisha kuipata, waliwapeleka watu hata mahali pa hatari palipokuwa pameachwa, wala njia za hewa hazikutengenezwa ipasavyo. Tena nuru yake ilikuwa hafifu, na mchimbaji aliyelipwa kwa kadiri ya makaa aliyoyatoa alishawishika kuufungua wavu. Tusimhukumu upesi, wanawe walikuwa wakingoja chakula.

Ndipo sheria ya mwaka 1850 ikaweka wakaguzi wa serikali, wenye ruhusa ya kuingia shimoni, mwenyewe apende asipende. Wa kwanza walikuwa wanne tu.